Wimbo wa Kusubirisha Wateja

Pikipiki ilikuwa imekwisha kupita nyumba za mwisho za Nyabiondo, na utelezi umeanza, wakati Kavuo alipokumbuka kwamba hakumuaga Bauma. Lakini hata angemuaga, angemwambia nini? Mtu yuko kasho, mahabusu ya polisi, miezi kumi na moja kwa kosa la kaka yake. Ukimwambia kwaheri, unamtukana. Ukimwambia tutaonana, unamtisha.

Kavuo alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi, mzaliwa wa Butembo katika nyumba ya wachuuzi. Dosie, jalada la kesi, aliifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuivaa tumboni, chini ya koti la mvua. Haikuwa nene. Kampuni ya usafirishaji iitwayo Barabara Njema ilidai hivi: fundi wake wa kujenga, jina lake Darius, alipewa magunia sitini ya saruji pale depo, ghala la kampuni Nyabiondo, tarehe ishirini na tatu Februari mwaka jana, apeleke Bukumba kumalizia kazi kwenye tangi la maji lililokwisha kuzinduliwa. Akatoweka nayo. Darius hakupatikana, basi wakamkamata mdogo wake, Bauma. Sheria inakataza jambo hilo, na kila aliyevaa kofia ya serikali anajua inakataza, na linafanyika kila juma. Ijumaa Bauma angepelekwa Goma. Akishafika kule, dosie yake ingelala chini ya dosie nyingine elfu, na yeye juu ya sakafu. Leo ilikuwa Jumanne.

Tangu siku ya kwanza Bauma alikuwa na neno moja tu: "Kaka yangu alikufa. Udongo ulimuangukia kule Bukumba." Mwandishi wa PV, taarifa ya mahojiano, aliliandika neno hilo, kisha akaongeza chini yake: hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna cheti. Basi.

Kavuo hakuwa amekaa bure. Juma lililopita aliambiwa Darius ameonekana sokoni Ngungu. Alikwenda, siku mbili kwenda na mbili kurudi, akamkuta Darius kweli, lakini huyo alikuwa muuza mbuzi mwenye umri wa miaka sitini na jicho moja. Asubuhi hii alimhoji Jacques, mkubwa wa depo.

"Ulimpa saruji kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu, Mama OPJ. Tarehe makumi mbili na tatu. Alitia sahihi."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sasa miye niko fundi cherehani? Alivaa nguo."

Sahihi ilikuwa pale, herufi sita zilizonyooka kama za mwalimu. Kavuo akataka kujua kama ofisi kuu ya Goma ina karatasi ya pili ya saruji ile. Akapiga simu. Msichana wa simu, Aimée, akamwambia asubiri, na Kavuo akasubiri dakika ishirini, akakatika, akanunua unite nyingine ya kupigia, akasubiri tena. Mara tatu. Mkurugenzi, Papa Omer, hakupatikana. Kilichopatikana ni sauti ya mwanamume, laini kama mafuta ya mawese: "Barabara Njema inakukaribisha. Usikate. Sisi hatubebi mizigo tu, tunabeba na jamii. Tarehe ishirini Februari tulizindua maji safi kule Bukumba, Walikale. Sikiliza akina mama wa Bukumba wakishangilia siku hiyo." Kisha wimbo. Makofi, sauti moja ya juu, sauti nyingi za chini zikiifuata. Wimbo mzuri. Sasa, njiani kwenda kulitazama tangi la Bukumba, ulikuwa umemng'ang'ania kichwani kama mbigili kwenye soksi.

Ndipo Guy, dereva wa pikipiki, akafunga breki katikati ya tope.

"Mama OPJ, samahani. Kwenu kuna muntu alikufa?"

"Hapana. Endesha, mvua inakuja."

"Siendeshe. Ule wimbo uko unaimba, uliutosha wapi, nani alikufundisha?"

"Wimbo gani?"

"Ule wa mu pua! Toka Nyabiondo. Nikasema, labda mama iko na matanga, nikanyamaza. Lakini sasa umeurudilia mara ya ine, na uko unatikisa kichwa sawa muntu wa arusi."

Kavuo akashuka. "Ni wimbo wa simu. Ukiita Barabara Njema, wakikusubirisha, wanakuwekea huo. Ni wimbo wa furaha."

Guy alicheka. Kisha akaona hakuna mzaha, akaacha kucheka. Alikuwa Muhunde wa kando ya Nyabiondo, mtu wa maneno mengi, lakini sasa aliyachagua moja moja.

"Dada, ule si wa furaha. Kule kwetu bamama banauimba wakati maiti iko bado haijazikwa. Ikisha kuingia mu kaburi, wimbo unafungwa. Haurudiliwe tena. Mama yangu angekusikia angekupiga kofi, ukuwe OPJ ao usikuwe."

"Una uhakika?"

"Mulio njo ule. Maneno wewe haukuyaimba, uliimba mulio tu. Na mu maneno njo kunakuwa jina ya muntu, na vile alikufa. Kila maiti na maneno yake."

Kavuo akatoa simu. Hapakuwa na mtandao bondeni. Akasimama na mvua ya kwanza ikimpiga mgongoni, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Wimbo umerekodiwa tarehe ishirini Februari. Kampuni yenyewe inasema. Wimbo huimbwa mbele ya maiti tu. Basi tarehe ishirini, pale Bukumba, palikuwa na maiti. Ya nani? Kama ni ya Darius, nani alitia sahihi ya saruji tarehe ishirini na tatu?

"Bukumba kuna mtandao?" aliuliza.

"Pa kilima, nyuma ya chapelle. Ukisimama vizuri."

"Endesha."

*

Bukumba ni nyumba hamsini juu ya mgongo wa kilima, mashamba ya maharage na mihogo yameshuka pande zote mbili. Kitu cha kwanza alichokiona Kavuo ni tangi. Wameliweka pale njia inapoingia, chini ya ukingo wa udongo mwekundu, ili mgeni asilikose. Rangi ya bluu, jina la kampuni kwa herufi kubwa kuliko mlango wa kanisa. Mabomba mawili. Moja halikuwa na kichwa. Kando ya tangi palimwagwa zege pana, nene, lililozidi tangi lenyewe mara tatu. Kavuo akalizunguka na kulipima kwa hatua. Saba kwa nne.

"Tangi dogo namna hii linataka zege lote hili la nini?"

Wanawake wenye madumu walikuwa wakipita kando ya tangi bila kuligeukia, wakishuka kwenye chemchemi ya zamani, mwendo wa nusu saa.

Aliyewaongoza akina mama kuimba siku ya uzinduzi aliitwa Mamy, mama wa miaka kama hamsini, mikono myeusi kwa udongo wa shamba. Alimpa Kavuo kigoda, akampa na mahindi ya kuchoma. Aliposikia ameletwa na nini, akakirudisha kigoda chake nyuma, kana kwamba anataka kumwona mgeni kutoka mbali.

"Mama, nakuomba uniimbie ule wimbo wa siku ya tangi. Au uniambie maneno yake tu."

"Kuimba hapana. Kusema vilevile hapana. Hatuuleti ule bila maiti mbele yetu. Unataka nani akufe hapa?"

"Hutaki, hata kwa kumtoa Bauma?"

Uso wa Mamy ukabadilika. Lakini aliinama, akachukua jembe. "Mwanangu, kuna kitu muntu anaweza, kuna kitu hawezi."

Wapelelezi wengi hapo hutoa sauti ya serikali. Kavuo alikula mahindi mpaka gunzi likabaki. Kisha akauliza: "Na kama mimi ndiye nauleta? Wewe usiimbe. Usikie tu."

Walipanda nyuma ya kanisa dogo, wanawake saba na Guy. Kavuo alimpa Guy simu yake ya pili, akamwonyesha pa kubonyeza ili irekodi. Akasema kwa sauti tarehe, saa, mahali na majina ya waliopo. Ndipo akapiga Goma, akafungua kipaza sauti.

"Barabara Njema, bonjour."

"Aimée, ni Kavuo."

"Yee, Mama OPJ! Papa Omer iko bado mu reunion, mkutano haijaisha."

"Simtaki Papa Omer. Niweke kusubiri."

"Namna gani?"

"Niweke kusubiri, mdogo wangu. Na usinitoe."

"Mama, toka nianze hii kazi, hakuna muntu aliniomba ile."

Sauti ya mafuta ya mawese ikasema maneno yake. Hatubebi mizigo tu, tunabeba na jamii. Kisha yakaja makofi, na ile sauti ya juu.

Mamy aliweka jembe chini. Mama mmoja mzee akafunika kichwa kwa kitenge. Mwingine alifungua mdomo kana kwamba anaingia kwenye wimbo, akaufunga kwa kiganja. Guy alikuwa akitazama miguu yake. Wimbo uliendelea dakika mbili na nusu, halafu ile sauti laini ikarudi, ikashukuru kwa uvumilivu, na wimbo ukaanza upya. Kavuo akakata.

"Hii," alisema Mamy, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "bantu banaisikia Goma?"

"Kila anayewaita. Tangu mwaka jana."

"Wanasikia nini?"

"Wanaambiwa mnashangilia."

Basi hapo ndipo hasira ilipomfungua mdomo yule mama. Alisema wimbo umekwisha kuletwa, si yeye aliyeuleta, na sasa atasema. Akaueleza mstari kwa mstari, akitazama bondeni, na Kavuo akaandika juu ya goti.

Darius wetu, ardhi imekumeza kabla ya chai. Walikuambia chimba, ukachimba. Walikuambia shuka zaidi, wageni wako njiani, ukashuka. Mbao za kushikilia udongo ziko wapi, Darius? Wamezijengea jukwaa la wageni. Miguu yako tumeiona, uso wako hatujauona. Nani atatupa uso wako?

Kalamu ya Kavuo ilitoboa karatasi. Akageuza ukurasa.

"Mbao za jukwaa. Ulizijuaje?"

"Si tulizibeba sisi, mu salongo, kazi ya kijiji nzima, siku ine, kwa mugongo! Mbao kumi na mbili. Darius alisema ni za kuzuiya udongo mu shimo ya kando ya tangi. Jacques akakuja akasema wakubwa hawawezi kusimama mu matope."

"Jacques wa depo alikuwepo?"

"Alikuwepo yeye, na Papa Omer alifika saa tatu na gari mbili."

"Papa Omer aliona miguu?"

"Aliiona! Njo aliyesema bamwange simenti, ati ukingo utaanguka tena, utaua bantu. Tukasema tumutoshe kwanza mu shimo. Akasema wageni wako njiani, tutamutosha kesho. Kesho simenti ilikuwa jiwe."

"Na waliorekodi?"

"Kijana mumoja wa Goma, na kitu ya nyoya ya kukamata sauti hapa mbele. Sisi tuko tunalia pa shimo, yeye iko anasema, 'Endelea, mama, iko muzuri sana!' Akauliza wimbo iko ya nini. Jacques akamuambia, banashukuru. Kisha wakatupa kila mumoja tricot na jina yao mu kifua." Mamy alitema mate pembeni. "Zile tunapangusia masufuria."

"Kwa nini hamkushtaki?"

"Tulishtaki. Tulitembea siku mbili. Wakasema, leteni cheti ya kifo. Wa cheti akasema, onesheni kaburi. Kaburi iko chini ya jina ya kampuni! Mara ya pili tukakuta wamefunga Bauma. Tukarudia mbio."

Mama mzee akasema neno kwa Kihunde. Guy akalitafsiri bila kuombwa: "Anasema matanga yao haijafungwa. Toka siku ile hawajanyoa nywele."

*

Saa tisa Kavuo alipiga tena. Guy alirekodi tena. Safari hii Papa Omer alipatikana. Watu wakubwa hupatikana wakiambiwa wanasifiwa, na Kavuo alimwambia Aimée anataka kumpongeza.

"Papa Omer, niko Bukumba. Nimeona tangi."

"Ah, mama! Umeona kazi? Watu wanasema sisi wafanyabiashara tunakula tu. Sisi tunarudisha kwa jamii."

"Na ule wimbo wa kwenye simu. Wateja wanaupenda?"

"Sana! Kuna mteja wa Butembo anaita kwa kuusikia tu. Tungeweza kuweka muziki wa kununua. Nikakataa. Nikasema, weka sauti ya wananchi wenyewe."

"Ulirekodiwa Goma?"

"Hapana! Pale pale, siku ya uzinduzi, tarehe ishirini. Nilikuwa nimesimama hapo karibu, saa ine ya asubuhi."

"Una hakika ni saa nne, na tarehe ishirini?"

"Mama, mimi ndiye nilikata kamba. Andika hivyo."

"Nimeandika. Fundi wenu Darius naye alikuwepo saa hiyo?"

Papa Omer alisita kidogo tu, kama mtu anayeruka dimbwi. "Alikuwepo. Alicheza na wale mama. Siku tatu baada ya hapo ndiyo akatuibia, mwizi yule. Unamfanyia mtu wema, anakulipa mateke."

"Mzee, unasikia Kihunde?"

"Mimi? Hapana. Kidogo cha sokoni."

"Basi nikusomee maneno ya tangazo lako." Akamsomea. Kwa sauti ile ile ya kusoma PV, bila kupandisha wala kushusha, kutoka ardhi imekumeza mpaka nani atatupa uso wako. Mwisho akauliza: "Saa nne asubuhi alikuwa akicheza, na wenzake wanamlilia kwa jina lake. Sasa nieleze, Papa Omer. Aliyechukua magunia sitini siku tatu baadaye ni nani?"

Upande wa Goma ulisikika mlango ukifungwa. Papa Omer aliporudi, sauti ilikuwa nyingine, ya watu wawili wanaoelewana.

"Wewe ni mtoto wa Butembo, dada. Mtoto wa kwetu. Hao watu wa milimani wanaweza kukuimbia kitu chochote."

"Hawakuniimbia mimi," alisema Kavuo. "Walikuimbia wewe, umesimama karibu. Ukawavika tricot, ukachukua kilio chao ukakifanyia biashara. Mimi mwenyewe nimekitikisia kichwa njia nzima, na aibu hiyo nitaibeba. Yako utaibeba mbele ya hakimu."

"Utafukuzwa kazi."

"Andika hivyo," alisema Kavuo, akakata.

Aliandika PV juu ya jiwe, kurasa nne. Akataja zege, hatua saba kwa nne. Akataja kwamba Darius, kwa maneno ya mama wote saba, hakujua kuandika, alichora msalaba. Na karatasi ya depo ina sahihi ya herufi. Hilo Bauma angeweza kusema tangu siku ya kwanza, kama kuna mtu angemuuliza. Mama hao walichovya dole gumba kwenye wino wa kalamu iliyovunjwa, mmoja baada ya mwingine. Guy alitia sahihi kama shahidi, akaongeza namba ya pikipiki yake, eti isije ikasemwa hakuwa yeye.

Kisha Kavuo akaandika karatasi ya tano, amri ya kuvunja zege. Haikuwa na muhuri. Muhuri ulikuwa Nyabiondo, mezani kwa mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa mtu wa kutaka ripoti kwanza.

"Hii haina nguvu bila muhuri," aliwaambia. "Lazima niwaambie."

Mamy alikuwa amekwisha kutuma watu kutafuta nyundo.

*

Zege lilivunjwa kwa salongo, siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Darius alipatikana Alhamisi mchana, kichwa chini, mikono imekizunguka. Daktari wa kituo cha jirani alikuja, akaandika cheti. Walimzika jioni hiyo hiyo, na usiku Guy akamrudisha Kavuo Nyabiondo na cheti.

Kavuo aliandikiwa barua ya onyo kwa amri isiyo na muhuri. Miezi miwili baadaye alihamishiwa Kirolirwe, kwenye kesi za ng'ombe walioingia mashamba ya watu. Yuko huko.

Jacques alikiri kwamba sahihi ni yake na kwamba saruji iliuzwa. Alihukumiwa miezi minane, akatumikia mitano.

Papa Omer aliitwa mara tatu. Mara ya tatu alikuja, na wakili. Kesi yake ya kifo cha Darius haijapangiwa tarehe. Kampuni ilibadilisha tangazo. Sasa ni ngoma za kinanda, na inazungumzia madawati iliyotoa kwa shule.

Aimée aliacha kazi mwenyewe. Anauza unite na vitambaa Goma.

Guy alibomolewa pikipiki na watu wasiojulikana njiani Kashebere. Amenunua nyingine, ya mkopo.

Mamy na wenzake walinyoa nywele Ijumaa asubuhi.

Gari la Goma lilikuja Ijumaa hiyo hiyo saa mbili, likaondoka bila Bauma. Yeye alitolewa saa kumi, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mwenye ufunguo wa mbele alikuwa amekwenda kula. Alikuwa amekaa miezi kumi na moja na siku nne, na goti la kushoto halikunjiki. Hakupewa karatasi yoyote. Alipoomba aandikiwe kwamba hakuiba, aliambiwa hakuwahi kushtakiwa, kwa hiyo hakuna cha kuandika.